Sumu ya Kome Si ya Kome: Nani Hupika Kemikali za Sifongo na Wanyama wa Gamba?

Mchukue kambakoche aliye hai, umtie kwenye sufuria ya maji yanayotokota, kisha usimwondolee macho. Gamba lililoingia likiwa la samawati iliyokoza, karibu na weusi, huanza kugeuka miguuni na kwenye kingo za mkia, na baada ya dakika chache mnyama mzima amekuwa mwekundu. Hakuna aliyetia rangi. Wekundu ule ulikuwemo gambani muda wote, ila ulikuwa umefungwa. Unaitwa astaksanthini, na ni wa ukoo mmoja na kemikali inayoipa karoti rangi yake. Kambakoche akiwa hai, molekuli za astaksanthini hushikwa na protini iitwayo krustasianini. Mshiko huo huzibana kiasi cha kubadili namna zinavyopokea mwanga, na jicho likaona samawati. Moto ukifika, protini hupoteza umbo lake, mshiko hulegea, na astaksanthini hurudia rangi yake.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kambakoche hakuuanzisha wekundu huo mwenyewe. Mwili wake hauwezi. Chimbuko lake ni mwani mdogo mno unaoelea baharini. Mwani huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na wakubwa wao, na rangi hupanda ngazi hiyo mpaka imfikie kambakoche, ambaye huigeuza kidogo na kuiweka gambani. Ukimfuga na kumlisha chakula kisicho na rangi za ukoo huo, anapauka.

Nimeanza na sufuria kwa sababu imebeba swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa habari hii nzima. Tunaposoma "dawa iliyotoka kwa sifongo" au "sumu ya kome", maneno yenyewe yanampa mnyama umiliki wa kitu ambacho mara nyingi si kazi ya mikono yake. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kemikali hizi nazo zimeundwa, na mtu anayetaka kuzielewa ni vyema aanze kwa kumuulizia fundi, kabla ya kuuliza zinatibu nini au zinaua kwa kiasi gani. Jibu la swali hilo la kwanza ndilo linaloamua kama dawa itapatikana kwa wingi au la, na kama chakula cha baharini kitakuwa salama mwezi huu na hatari mwezi ujao.

Mnyama asiye na mdomo

Kila kiumbe hutengeneza kemikali za lazima: sukari, mafuta, protini, DNA. Bila hizo hakuna uhai, na hufanana kwa wote, kuanzia bakteria hadi nyangumi. Lakini wapo viumbe wenye akiba nyingine, kemikali ambazo wangeweza kuishi bila hizo siku ya utulivu, lakini ndizo zinazowaokoa siku ya vita. Vitabu vya kemia huziita misombo asilia. Mara nyingi ni molekuli za ajabu, zenye pete ndani ya pete, na baharini baadhi yake hubeba atomu za klorini au bromini zilizochotwa kwenye maji ya chumvi yenyewe.

Sifongo, au sponji kama wengine wanavyomwita, ni bingwa wa akiba hiyo. Ni mnyama, ingawa ukimwona kwenye mwamba unaweza kudhani ni mmea au kipande cha mwamba chenye rangi. Hana mdomo, hana tumbo, hana moyo, hana neva hata moja. Mwili wake ni matundu na mifereji. Ndani ya mifereji hiyo zimepangwa seli zenye kijimkia kinachochapa bila kupumzika, na mchapo huo huvuta maji kupitia vitundu vidogo, huchuja bakteria na chembe za chakula, kisha huyatoa kupitia tundu kubwa. Sifongo mkubwa hupitisha maelfu ya lita kwa siku. Zaidi ya spishi 9,000 zimekwisha kuelezwa na wataalamu.

Sasa yafikirie maisha yake. Alipokuwa kiluwiluwi aliogelea kwa muda mfupi, akachagua mahali, akajibandika, na hapo ndipo kwake hadi kufa. Samaki akija kumng'ata, hakimbii. Jirani akianza kumtambalia juu na kumnyima maji, hana mkono wa kumsukuma. Kilichobaki ni kemia.

Katika Bahari ya Shamu yupo sifongo mwekundu mwenye matawi kama vidole, Negombata magnifica. Watafiti walipomkamua ndani ya tangi lenye samaki, alitoa majimaji mekundu. Samaki walifadhaika, wakapoteza mizani, wakafa katika dakika chache. Mwaka 1980 Yoel Kashman na wenzake walieleza muundo wa kemikali inayohusika, latrunkulini. Inavyofanya kazi ni jambo la kustaajabisha. Ndani ya seli zetu na za samaki kuna nyuzi za protini iitwayo aktini, ambazo ni kama boriti zinazoipa seli umbo na nguvu ya kujongea. Nyuzi hizo hujengwa kwa vipande vidogo vinavyoungana na kuachana kila wakati. Latrunkulini hukinasa kipande kimoja kimoja na kukizuia kisiungane na wenzake. Boriti haziharibiwi kwa nguvu. Zinakosa vipande vipya tu, zinapukutika, na seli inanywea. Leo maabara nyingi hutumia latrunkulini kwa kusudi hilohilo, pale mtafiti anapotaka kujua seli ingekuwaje bila boriti zake.

Hapo ni rahisi kuhitimisha kwamba sifongo ameitengeneza sumu hiyo ili kujilinda. Mimi ningependa tusimame kidogo. Kujilinda kunaeleza kwa nini mnyama anaitunza kemikali. Hakuelezi ameipata wapi.

Sukari iliyogeuzwa upande

Habari ya dawa ilianza kabla swali hilo halijaulizwa na mtu. Mwaka 1945, katika maji ya kina kifupi ya Elliott Key, Florida, nchini Marekani, mwanakemia Werner Bergmann alikusanya sifongo ambaye leo anaitwa Tectitethya crypta. Mnamo 1950 na 1951, yeye na Robert Feeney walitangaza walichokikuta ndani yake: vitu vinavyofanana mno na herufi zinazojenga DNA, lakini vyenye kasoro moja.

Kila herufi ya DNA hubebwa na sukari. Katika viumbe tunaowafahamu, sukari hiyo ni ribosi au ndugu yake wa karibu. Ya sifongo huyu ilikuwa arabinosi. Tofauti kati ya ribosi na arabinosi ni ndogo sana: kikundi kimoja cha oksijeni na hidrojeni, kwenye kaboni ya pili, kinaelekea juu badala ya chini. Idadi ya atomu ni ileile, na aina zake ni zilezile.

Udogo huo ndio siri. Mfikirie fundi mwashi anayejenga ukuta kwa kasi bila kukagua kila tofali. Ukimpa tofali lililo tofauti kabisa, atalitupa. Ukimpa lenye umbo karibu sawa, atalipokea na kulipanga, kisha anapotaka kuweka lingine juu yake anakuta halikai. Seli ya saratani ya damu ni mwashi mwenye haraka ya namna hiyo. Inajigawa bila kukoma na kila mara inanakili DNA yake. Wanakemia walipounganisha arabinosi na herufi nyingine ya DNA walipata saitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969, na hadi leo ni moja ya nguzo za tiba ya lukemia kali. Ndugu yake, vidarabini, ilifuata mwaka 1976 kupambana na virusi vya hepesi.

Ndani ya chupa ya saitarabini hamna sifongo hata chembe. Inatengenezwa kiwandani tangu mwanzo. Alichotoa sifongo ni fununu, kwamba kugeuza upande wa sukari kunaweza kuidanganya mashine inayonakili DNA. Naona huo ndio mchango mkubwa zaidi wa bahari katika famasia, mkubwa kuliko gramu zozote zilizowahi kukamuliwa.

Kilo 600

Si kila molekuli ni rahisi kuiga kama sukari. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura, walitangaza habari ya halikondrini B, kutoka kwa sifongo mweusi wa pwani ya Japani aitwaye Halichondria okadai. Ilisimamisha ukuaji wa seli za saratani kwa kiasi kidogo ajabu. Ila ili kuipata, walisindika kilo 600 za sifongo, na mwisho wa kazi yote mkononi walikuwa na miligramu 12.5. Huo ni uzito ulio chini ya punje moja ya mchele.

Piga hesabu mwenyewe. Kujaribu dawa kwa binadamu kunahitaji gramu nyingi, na kutibu wagonjwa kunahitaji nyingi zaidi, mwaka baada ya mwaka. Nchini Nyuzilandi alipatikana sifongo mwingine, wa jenasi Lissodendoryx, anayeishi kwenye kina kirefu karibu na Kaikoura, naye alikuwa na halikondrini pia. Tani moja nzima ilivuliwa, ikatoa miligramu 300 hivi. Watafiti walijaribu hata kumpanda baharini kama zao la shambani, na vipande vyake vikakua. Hata hivyo ilikuwa wazi kwamba sakafu ya bahari ingekwanguliwa kabla wagonjwa hawajatosheka.

Aliyeufungua mlango alikuwa Yoshito Kishi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1992 yeye na kundi lake walifanikiwa kuijenga halikondrini B yote maabara, hatua baada ya hatua. Katika safari hiyo walikuwa na vipande vya kati, nusu molekuli hapa, theluthi pale, na vipande hivyo vilipojaribiwa dhidi ya seli za saratani ilionekana kwamba nguvu yote ilikuwa upande mmoja tu, ule wenye pete kubwa. Upande wa pili haukuhitajika. Kampuni ya Eisai ilichukua nusu hiyo yenye nguvu, ikaifanyia marekebisho, na mnamo Novemba 2010 Marekani ikaidhinisha eribulini kwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Kuitengeneza huchukua hatua zaidi ya 60 za kemia. Hata ikiwa imepunguzwa nusu, ni kati ya dawa ngumu kuliko zote zinazotengenezwa kiwandani bila msaada wa kiumbe hai.

Inashika wapi? Seli inapojigawa hutandaza kamba za protini zinazovuta nakala mbili za DNA kila moja upande wake. Kamba hizo hurefuka kwa kuongezewa vipande nchani. Eribulini hukaa nchani hapo, kamba zisirefuke, na seli inakwama katikati ya mgawanyo hadi inakufa.

Wakati wote huo, sifongo huyohuyo Halichondria okadai alikuwa amewapa watafiti molekuli nyingine, asidi ya okadaiki, iliyotangazwa mwaka 1981 na kuitwa kwa jina lake. Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Mara tu baadaye, asidi ileile ilipatikana ndani ya Prorocentrum lima, kiumbe wa seli moja wa kundi la dinoflajelata, asiyeonekana kwa macho matupu. Kisha ikaonekana ndani ya kome, ambao waliokula waliharisha vibaya. Sifongo na kome hawana undugu wa karibu kabisa. Wana kitu kimoja tu cha pamoja: wote huchuja maji. Basi asidi ya okadaiki haikuwa ya sifongo, wala ya kome. Wote wawili waliiokota njiani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Sifongo anachuja bakteria ili ale, lakini si wote anaowala. Wengine huwakaribisha. Katika baadhi ya spishi, bakteria ni zaidi ya theluthi ya uzito wa mwili, wamejaa katikati ya seli za mwenyeji kama wapangaji katika jengo la ghorofa. Kwa miaka mingi wanakemia walisaga jengo zima pamoja na wapangaji, wakatoa kemikali, wakaandika "imetoka kwa sifongo".

John Faulkner na wenzake huko California waliamua kuwatenganisha. Walimchukua Theonella swinhoei, sifongo maarufu kwa wingi wa kemikali zake, wakachambua seli zake kwa makundi: za sifongo mwenyewe huku, bakteria wa seli mojamoja kule, bakteria wanaojipanga kama uzi upande wa tatu. Kisha wakapima kila kundi. Mwaka 1996 walionyesha kwamba kemikali mbili mashuhuri za sifongo huyo hazikuwa ndani ya seli zake hata kidogo. Moja ilikuwa kwa bakteria wa kundi la pili, nyingine kwa wale wa uzi.

Kukaa mahali si ushahidi wa kupika, na mwenye shaka angesema bakteria ni ghala tu. Jibu lilikuja mwaka 2014, kundi la Jörn Piel liliposoma DNA ya bakteria hao wa uzi, walioitwa Entotheonella, kutoka kwa Theonella wa rangi ya njano wa Japani. Jeni za kujenga karibu misombo yote maarufu inayojulikana ya sifongo huyo zilikuwa humo, ndani ya bakteria mmoja. Mapishi yalikuwa yameandikwa kwa mkono wa mpangaji. Mwenyeji hutoa makazi na maji yanayopita bila kukoma, mgeni hutoa silaha. Ule usemi wa mgeni njoo mwenyeji apone sijauona ukitimia kwa ukamilifu kama hapa.

Hata hivyo ni kosa kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine na kudai kwamba kila kitu ni cha bakteria. Avaroli, kemikali ya sifongo wa Mediterania aitwaye Dysidea avara, ilipatikana ndani ya seli za sifongo mwenyewe. Na mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba sifongo wana jeni zao wenyewe za kujenga terpini, ukoo mkubwa wa kemikali ambao harufu ya msonobari na ngozi ya chungwa pia hutoka humo. Kwa hiyo kila molekuli ina kesi yake. Ukisoma makala inayotaja "kemikali za sifongo" kana kwamba zote zina baba mmoja, soma kwa tahadhari.

Kujua fundi kuna faida isiyo ya nadharia tu. Ukiwa na jeni za mapishi, huhitaji tani za sifongo. Unaweza kuzihamishia kwa bakteria anayekubali kufugwa maabara, akakupikia. Ndiyo kazi inayofanyika sasa, ingawa ni ngumu, maana wapangaji wengi wa sifongo hukataa kuishi nje ya jengo lao.

Kome asiye na hatia

Juni 1793, mabaharia wa msafara wa nahodha George Vancouver walikuwa wakipima pwani ya magharibi ya nchi ambayo sasa ni Kanada. Asubuhi moja walikula kome waliochomwa. Haukupita muda mrefu, midomo na vidole vikaanza ganzi, kisha viungo vikalegea. Baharia John Carter akafa siku hiyohiyo. Ghuba alikozikwa inaitwa Carter Bay hadi leo, na mahali walipokula panaitwa Poison Cove, yaani hori ya sumu.

Kome wale hawakuwa wameoza, wala hawakuwa spishi nyingine yenye sumu. Wiki kadhaa kabla yake au baada yake pengine wangeliwa bila madhara. Kilichotokea ni kwamba maji yalijaa mwani wa seli moja, na kome, kwa kuwa kazi yake ni kuchuja, alijaza mwili wake kile kilichopita. Fundi wa sumu hiyo huwa ni dinoflajelata kama Alexandrium. Sumu yenyewe ni saksitoksini, iliyopewa jina kutokana na chaza mkubwa wa pwani hizo, Saxidomus gigantea. Hata jina lake, basi, linamsingizia mnyama.

Inaua kwa njia rahisi ya kutisha. Habari husafiri kwenye neva kwa sababu kuta za neva zina milango midogo inayopitisha sodiamu: mlango unafunguka, sodiamu inaingia, na umeme unasonga mbele. Saksitoksini hukaa kwenye tundu la mlango kama kizibo. Umeme hausongi. Misuli haipati amri, na ikifika zamu ya misuli ya kupumua, mtu anakufa akiwa na akili timamu. Dawa ya kuiondoa mwilini hakuna. Kinachookoa ni mashine ya kupumulia hadi mwili uisafishe wenyewe.

Watu wengi huamini kwamba moto unaua kila sumu ya chakula, na imani hiyo imewagharimu wengine maisha. Moto unaua bakteria, na unaharibu protini, kama tulivyoona kwa kambakoche. Saksitoksini si bakteria wala si protini. Ni molekuli ndogo, imara, inayostahimili kuchemshwa. Haina harufu, haina ladha ya kuonya. Maji yenyewe si lazima yawe mekundu, ingawa watu huita hali hiyo wimbi jekundu.

Mbona kome mwenyewe hafi? Jibu zuri zaidi limetoka kwa chaza wa mchangani aitwaye Mya arenaria. Kwenye pwani ambako mwani huo hulipuka mara kwa mara, chaza wengi wana mlango wa sodiamu uliobadilika asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini, na kizibo hakikai vizuri. Chaza wa spishi hiyohiyo wanaotoka pwani zisizo na mwani huo hawana badiliko hilo kwa wingi, na wao sumu huwapooza. Kinga hiyo ndiyo inayomfanya mnyama kuwa hatari kwa anayemla: anayestahimili sumu anaweza kubeba nyingi zaidi. Kome husafika ndani ya wiki chache mwani ukiondoka, lakini Saxidomus anaweza kubaki na sumu hadi miaka miwili.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi zinazofuga au kuvuna wanyama hawa hupima nyama yao mara kwa mara. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 0.8 za saksitoksini kwa kilo ya nyama, na kikizidi hapo uvunaji husimamishwa. Zamani walidungwa panya supu ya kome na kutazamwa walikufa baada ya dakika ngapi. Siku hizi mashine za kuchambua kemikali zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Orodha ya sumu hizo hukua kwa ajali. Mwaka 1987, watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula kome kutoka Prince Edward Island, Kanada. Baadhi walikufa, na kati ya waliopona wapo ambao hawakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mhusika alikuwa asidi ya domoiki, iliyotengenezwa na mwani wa jenasi Pseudo-nitzschia. Inafanana na glutamati, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kuamshana. Tofauti ni kwamba yenyewe huziamsha kupita kiasi, na seli za sehemu inayohifadhi kumbukumbu hufa kwa kuchoshwa. Molekuli hiyo haikuwa ngeni. Ilikwisha kupatikana Japani katika miaka ya 1950, ndani ya mwani ambao watu waliutumia kama dawa ya minyoo.

Wanaopika wenyewe

Wapo wanyama wa gamba ambao ni mafundi wenyewe bila ubishi, na konokono wa jenasi Conus ndio wa kwanza. Gamba lao ni zuri, lenye mabaka na michoro inayowavutia waokota makombe, na baadhi yao, hasa Conus geographus, wamewahi kuua watu. Huwinda kwa jino lililogeuka mkuki, lenye tundu la kupitishia sumu. Sumu yao ni mchanganyiko wa protini fupi nyingi, na jeni za kila moja ziko kwenye DNA ya konokono mwenyewe. Baldomero Olivera, Mfilipino aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Utah, ndiye aliyefungua somo hili, na mwanafunzi wake kijana Michael McIntosh aliitenga moja kutoka kwa Conus magus. Ina asidi amino 25 tu. Hufunga milango ya kalisi kwenye neva za uti wa mgongo zinazopokea habari za maumivu. Mwaka 2004 nakala yake ya kiwandani, zikonotidi, iliidhinishwa kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayasikii dawa nyingine. Haina uraibu wa mofini, lakini inabidi ipelekwe kwa pampu moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo, na inaweza kuvuruga akili ya mgonjwa. Si dawa ya kuchukuliwa kwa wepesi.

Rangi ya zambarau ya Tiro, iliyovaliwa na wafalme wa kale, nayo ilitoka kwenye tezi ya konokono wa baharini. Mwaka 1909 Paul Friedländer alihitaji konokono 12,000 ili kupata gramu 1.4 za kuchunguza, na akagundua kwamba ni nili ileile ya mimea, iliyoongezwa atomu mbili za bromini. Lita moja ya maji ya bahari ina miligramu 65 hivi za bromini, hivyo malighafi haikuwa mbali.

Kisha yupo Dolabella auricularia, sungura wa bahari, jamaa ya konokono ambaye gamba lake limebaki kibanzi ndani ya mwili. Kutoka kwake kilipatikana dolastatini 10, iliyoelezwa mwaka 1987, na mfano wake wa kutengenezwa ndio silaha iliyo ndani ya brentuksimabu vedotini, dawa ya limfoma ya Hodgkin, saratani ya mfumo wa limfu, iliyoidhinishwa mwaka 2011. Kwa miaka mingi sungura huyu alihesabiwa miongoni mwa mafundi. Mwaka 2001 dolastatini 10 ikapatikana ndani ya sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, wale ambao yeye huwala.

Sungura wa bahari ana binamu walioliacha gamba kabisa. Koa wa baharini wa jenasi Chromodoris huwa na gamba wakiwa viluwiluwi, kisha hulivua na kubaki na mwili laini wenye mistari ya rangi kali, wakitambaa mchana kweupe mbele ya samaki. Chakula chao ni sifongo. Watafiti walichunguza spishi tano za koa hao, wakakuta kemikali kadhaa za sifongo tumboni mwao. Lakini kwenye ukingo wa vazi la mwili, pale samaki angeng'ata kwanza, walikuta moja tu, kwa spishi zote tano. Ilikuwa latrunkulini, ileile iliyoua samaki ndani ya tangi.